Shajara ya mradi: kutafuta asili ya namba za chanjo

Tarehe 8 Januari

Mradi huu umezaliwa na swali moja. Leo nilikuwa nawafundisha makarani wapya wa data, na katika kuwaeleza kazi yetu inaishia wapi nikataja chanjo ya malaria ya RTS,S: kwamba kwa watoto waliopata dozi nne, ufanisi wake ulikuwa asilimia 36. Binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono.

"Samahani dada, asilimia 36 ya nini?"

"Ya malaria," nikajibu.

"Ya watoto wenye malaria, au ya homa zenyewe? Maana mdogo wangu aliugua mara nne mwaka mmoja."

Nilisema maneno mawili matatu, lakini jioni nikiwa kwenye daladala nilijua kwamba sikumjibu. Nimesafisha data za majaribio ya chanjo kwa miaka saba katika mji huu wa pwani, nimefunga hifadhidata, nimepeleka majedwali kwa wanatakwimu. Swali la mtu aliye na siku mbili kazini lilistahili jibu lililonyooka kuliko lile.

Nitakachofanya ni hiki. Nitachukua majaribio machache ya chanjo ambayo matokeo yake yalishachapishwa, nirudie hesabu zake mwenyewe kwa programu ya R, na kila hesabu niiandikie maelezo ya Kiswahili ambayo karani aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuyafuata. Shule ya msingi tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Kwenye habari za chanjo kiasi hutangazwa: wagonjwa wangapi. Asili ndiyo inayopotea: kati ya nani, waliofuatiliwa kwa muda gani, kuanzia siku ipi. Folda nimeipa jina la "asili".

Sharti nimeliandika juu kabisa ya folda: hakuna rekodi hata moja ya mshiriki wa kituo chetu itakayoingia humu, hata ikiondolewa jina. Mama aliyetia saini ya ridhaa aliitia kwa utafiti ule alioelezwa, si kwa mazoezi yangu. Namba zitakuwa zile zilizochapishwa, au za kutunga zilizoandikwa waziwazi kwamba ni za kutunga.

Tarehe 12 Januari

Nimeanza na polio, Marekani, mwaka 1954. Chanjo ya Jonas Salk ilijaribiwa kwa watoto wa madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, na tathmini ikaongozwa na Thomas Francis wa Chuo Kikuu cha Michigan. Matokeo yalitangazwa Ann Arbor tarehe 12 Aprili 1955. Watoto walioshiriki kwa namna moja au nyingine walikuwa kama milioni 1.8, enzi ambayo data zilitobolewa kwenye kadi za karatasi ngumu.

Upande mmoja wa jaribio uligawa watoto kwa bahati nasibu: chanjo au plasebo, yaani sindano isiyo na chanjo ndani yake, na si mzazi, si daktari aliyejua nani amepata nini. Waliochanjwa walikuwa 200,745, na 33 kati yao walipata polio ya kupooza. Waliopata plasebo walikuwa 201,229, na waliopooza ni 115.

Hesabu ina mistari minne tu kwenye R. Kwa kila watoto 100,000 waliochanjwa walipooza 16.4, na kwa kila 100,000 wa plasebo walipooza 57.1. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, toa kwenye moja: ufanisi ni asilimia 71. Nikatafuta na mipaka ya asilimia 95, yaani ufanisi wa kweli unakadiriwa kuwa kati ya namba zipi mbili, kwa njia ya logi, ikatoka 57.6 hadi 80.5. Nimeiandika kwa mkono kwanza, kisha kwa R, zikalingana. Furaha niliyoipata hapo wanaofanya kazi ya namba wataielewa.

Tarehe 15 Januari

Bado niko kwenye polio, kwa sababu jaribio lile lilikuwa na upande wa pili na huko ndiko mafundisho yaliko.

Maeneo mengine hayakukubali plasebo. Huko walichanja watoto wa darasa la pili ambao wazazi wao waliridhia, wakawalinganisha na watoto wote wa darasa la kwanza na la tatu. Waliochanjwa 221,998, waliopooza 38. Kundi la ulinganisho 725,173, waliopooza 330. Fanya hesabu ileile na ufanisi unashuka hadi asilimia 62. Chanjo ni ileile na ugonjwa ni uleule, ila asili imebadilika.

Kwa nini? Rudi kwenye yale maeneo ya bahati nasibu, utafute watoto ambao hawakuchomwa kitu, wengi wao kwa kuwa wazazi hawakuridhia: 338,778, na waliopooza ni 121. Hiyo ni 35.7 kwa kila 100,000. Yaani watoto ambao hawakupata chanjo wala plasebo walipooza kidogo kuliko wale wa plasebo waliokuwa na 57.1!

Nililitazama jedwali hili muda mrefu nikidhani nimenakili vibaya. Sikukosea. Wazazi walioridhia kwa wastani walikuwa na elimu na kipato zaidi, wakiishi katika nyumba safi. Polio ni ugonjwa wa ajabu kwa upande huu: mtoto wa mazingira yenye uchafu hukutana na virusi mapema, akiwa bado analindwa na kingamwili alizopewa na mama yake, na hujijengea kinga bila kupooza. Mtoto wa nyumba safi hukutana navyo akiwa mkubwa, ulinzi wa mama umekwisha. Kwa hiyo waliokubali sindano walikuwa hatarini zaidi tangu mwanzo. Ukiwalinganisha waliochanjwa na hao wasiochomwa kitu, ufanisi unaonekana asilimia 54 tu.

Namba tatu zimetoka kwenye chanjo moja: 71, 62, 54. Nimeziweka kwenye ukurasa mmoja, bila rangi wala mapambo, na chini yake nimeandika swali kwa makarani: ni nani aliyewekwa chini ya mstari katika kila moja?

Tarehe 20 Januari

Umeme ulikatika mara mbili. Nimeanza kutumia programu ya Git ili kila badiliko libaki na tarehe na sababu yake, na nimewaeleza makarani kwamba ni jambo lilelile la kumbukumbu za marekebisho wanazoziona kwenye REDCap, mfumo wa kuingizia data: huruhusiwi kufuta cha zamani, unaandika kipya na kusema kwa nini. Enzi za karatasi tulikata kwa mstari mmoja, tukaweka sahihi na tarehe pembeni. Kanuni ni ileile.

Tarehe 26 Januari

Wiki nzima nimejenga faili la mazoezi, la watoto wa kutunga. Nimelijaza kwa makusudi makosa ya aina ambazo nimekutana nazo kazini, kwa sababu vitabu vya usafishaji wa data vilivyoandikwa mbali havina makosa ya kwetu.

La kwanza ni saa. Mama anaulizwa homa ilianza lini, anasema "saa nne". Karani aliyechoka anaandika 04:00 kwenye kishikwambi. Mama alimaanisha saa nne asubuhi, yaani 10:00. Au usiku, yaani 22:00. Kompyuta haitalalamika, kwa kuwa 04:00 ni saa halali. Nimeandika kanuni inayotafuta matukio yote ya kliniki yaliyorekodiwa kati ya 00:00 na 06:00 na kuyatolea alama. Si kuyarekebisha, ni kuyatolea alama tu: kuna watoto wanaoletwa alfajiri kweli, tena mara nyingi hao ndio wagonjwa zaidi. Nilishawahi kuona mtu, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, akiongeza saa sita kwa rekodi zote za usiku kwa amri moja. Siku ile watoto walioletwa na degedege saa kumi alfajiri walihamishwa wakawa wameletwa asubuhi, na hakuna aliyegundua mpaka faili za karatasi zilipofunguliwa.

La pili ni tarehe ya kuzaliwa. Bibi analeta mjukuu, kadi ya kliniki imebaki nyumbani. "Alizaliwa Mfunguo Sita, baada ya Maulidi." Karani anasikia "sita", anaandika Juni. Mfunguo Sita ni mwezi wa kalenda ya Kiislamu na kila mwaka unasogea siku kumi na moja hivi. Na umri si jambo dogo kwenye chanjo: jaribio la RTS,S lilikuwa na makundi mawili, watoto wa miezi 5 hadi 17 na wachanga wa wiki 6 hadi 12, na matokeo yao yalitofautiana. Ukikosea mwezi umemtoa mtoto kundi lake.

La tatu, Kulwa na Doto. Programu yangu ya kutafuta rekodi zilizojirudia ilitazama jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama na tarehe ya kuja kliniki, ikamfuta Doto. Pacha wana kila kitu sawa isipokuwa wao wenyewe. Sasa programu hairuhusiwi kufuta. Inaandika orodha na mtu anaisoma.

La nne ndilo lililonichukua siku mbili: joto la mwili. Kwenye RTS,S, fasili kuu ya kesi ilikuwa mtoto mgonjwa aliyeletwa kituoni akiwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi, pamoja na vimelea zaidi ya 5,000 kwa kila mikrolita ya damu. Sasa fikiria nesi mwenye foleni ndefu, kipimajoto kinasoma 37.4, mtoto analia, mama anasema usiku kucha alikuwa moto. Mkono unaandika 37.5. Ukichora joto zote kwa safu, unaona mlima juu ya 37.0, mwingine juu ya 37.5, mwingine juu ya 38.0, na mabonde katikati. Damu ya binadamu haina mabonde hayo.

Nikataka makarani waone madhara yake, nikatunga mfano. Kwa kila watoto 1,000, kundi la ulinganisho lina kesi za kweli 200, waliochanjwa 100. Ufanisi ni asilimia 50. Ongeza kesi 50 za uongo kila upande, kwa kuwa nesi hajui nani kachanjwa na hivyo anakosea sawa kwa wote: 250 na 150. Ufanisi unashuka hadi 40. Sasa fanya kinyume, usiongeze kitu, bali poteza nusu ya kesi za kweli kila upande: 100 na 50. Ufanisi unabaki 50.

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri kile kikomo cha vimelea 5,000. Sehemu zenye malaria nyingi, mtoto anaweza kutembea na vimelea wachache damuni bila kuugua, kisha akapata homa ya mafua. Kumhesabu kama kesi ya malaria ni kuongeza wale hamsini wa uongo. Kikomo kikali kinawaacha baadhi ya wagonjwa wa kweli nje, lakini kinalinda namba. Kwenye matibabu, bila shaka, kila mtoto mwenye vimelea na homa anatibiwa. Kikomo ni cha hesabu, si cha dawa. Sentensi hii nimeiandika kwa herufi nzito, maana sitaki karani aende nyumbani akiamini vinginevyo.

Tarehe 3 Februari

Leo nimelifikia swali lililoanzisha yote.

Jaribio la awamu ya tatu la RTS,S lilianza mwaka 2009 na kumalizika 2014. Vituo 11, nchi 7: Burkina Faso, Gabon, Ghana, Kenya, Malawi, Msumbiji na Tanzania. Kwetu Tanzania vilikuwa Bagamoyo na Korogwe; Kenya ilikuwa na Kilifi, Siaya na Kombewa. Watoto na wachanga 15,459. Waligawanywa makundi matatu: dozi tatu na ya nne baada ya miezi kumi na minane, dozi tatu bila ya nne, na kundi la ulinganisho, ambalo kwa watoto wakubwa lilipewa chanjo ya kichaa cha mbwa ili nao wasitoke mikono mitupu.

Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliofuatiliwa kwa takriban miaka minne, ufanisi wa dozi nne ulikuwa asilimia 36, na wa dozi tatu asilimia 28. Kwa wachanga zilikuwa 26 na 18.

Asilimia 36 ya nini, dada? Ya homa zenyewe. Hesabu ile ilichukua vipindi vyote vya malaria, si mtoto kuugua au kutougua. Chukua mtoto aliyekuwa augue mara tano kwa miaka minne, akachanjwa, akaugua mara tatu. Ukihesabu watoto, yeye ni mgonjwa kabla na mgonjwa baada. Chanjo haikufanya kitu. Ukihesabu vipindi, ameokolewa mara mbili: safari mbili za usiku kwenda zahanati, wiki mbili za shule kwa dada yake aliyebaki kumshika. Asili hapa haiwezi kuwa idadi ya watoto. Ni muda ambao watoto walikuwa hatarini, tunauita miaka-mtoto: watoto wawili kwa miezi sita kila mmoja wanatengeneza mwaka mmoja.

Na ipo namba nyingine kwenye ripoti ileile ambayo sijaisikia ikitajwa redioni hata siku moja. Kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi nne, vipindi 1,774 vya malaria vilizuiwa. Soma tena. Ni zaidi ya kimoja na nusu kwa kila mtoto. Chanjo ambayo watu waliibeza kwamba ni ya asilimia 36 iliondoa homa nyingi kuliko idadi ya watoto walioipata, kwa sababu katika sehemu hizi mtoto haugui malaria mara moja. Chanjo yenye ufanisi mkubwa dhidi ya ugonjwa adimu inaweza isizuie hata sehemu ndogo ya hizo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tarehe 6 Oktoba 2021, baada ya utoaji wa majaribio Ghana, Kenya na Malawi ulioanza 2019, na namba hizi za vipindi zilikuwa na uzito wake.

Nimemtumia binti wa dirishani ukurasa huu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tarehe 10 Februari

Siku ya kukwama. Kwa vipindi vinavyojirudia, hesabu ya kawaida ya Poisson hudhani kila mtoto ana bahati sawa ya kuugua. Si kweli: kuna nyumba iliyo karibu na bondeni na nyumba iliyo juu, kuna anayelala ndani ya chandarua na asiyelala. Watoto wachache hubeba vipindi vingi. Kwa hiyo hutumika modeli ya binomia hasi, inayoruhusu kutawanyika huko, na RTS,S walitumia hiyo.

Kwenye data zangu za kutunga R ikagoma kabisa. Nilihangaika hadi adhuhuri. Sababu: mtoto mmoja wa kutunga alisajiliwa na kuhama siku ileile. Muda wake ni sifuri, na modeli inataka logi ya muda. Logi ya sifuri haipo. Nilikuwa nimempa asili ya sifuri bila kujua.

Nilimpigia simu mzee wetu wa takwimu, aliyestaafu lakini bado anatupokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umemwacha nani nje leo?"

Ndivyo anavyoanza kila mara. Akanieleza kwamba swali si la R. Je, siku ya kuingia ni siku ya hatari au siyo? Kama ni siku, basi kila mtoto anaongezewa siku moja, wote, si huyu tu. Kama siyo, huyu hakuwahi kuwa hatarini, aondoke kwenye hesabu hii na aandikwe kwenye mchoro wa washiriki kwamba aliondoka na kwa nini. Vyovyote vile iamuliwe kabla ya kufungua siri ya nani alipata nini. Nimechagua kuongeza siku kwa wote. Nimeona pia nilisahau kuondoa siku chache baada ya kila tiba, ambazo homa ikirudi haihesabiwi kuwa kipindi kipya. Nimerekebisha, nimeandika sababu.

Tarehe 14 Februari

Swali la mzee, "umemwacha nani nje," limenipeleka Thailand.

Jaribio la RV144 la chanjo ya VVU liligawa watu 16,402, nusu kwa nusu, na matokeo yakatolewa mwaka 2009. Ukihesabu kila aliyegawiwa, 8,202 wa chanjo na 8,200 wa plasebo, walioambukizwa ni 56 na 76. Ufanisi ni kama asilimia 26, na thamani ya P, yaani uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivyo au zaidi kama chanjo haifanyi kitu, ni 0.08. Kwa desturi ya fani hii, inayotaka P iwe chini ya 0.05, hapo hujathibitisha.

Kisha ikaonekana kwamba watu saba walikuwa na virusi tayari siku ya kupewa sindano ya kwanza: watano upande wa chanjo, wawili upande wa plasebo. Waondoe. Zinabaki 51 na 74. Ufanisi unapanda hadi asilimia 31 na P inashuka hadi 0.04. Hapo umevuka mstari. Watu saba kati ya elfu kumi na sita na mia nne!

Leo nimebishana na mzee, kwa heshima. Mimi nilisema waondolewe: chanjo ya kinga haiwezi kuzuia kilichokwisha kuingia, na damu iliyowatambua ilitolewa kabla ya sindano, kwa hiyo chanjo haikuwa na mkono katika kuchagua nani anaondoka. Yeye akasema hoja yangu ni nzuri, ndiyo maana ni ya hatari, kwa kuwa kila anayeondoa watu huwa na hoja nzuri. Akanitajia hesabu ya tatu, ya wale tu waliofuata ratiba yote: 36 na 50, ufanisi asilimia 26, P ya 0.16. Wale wameondolewa kwa mambo yaliyotokea baada ya sindano, na hapo usawa wa bahati nasibu umevunjika.

Tumekubaliana kwa hili, na nimeliweka kwenye mradi kama kanuni: anayeondolewa kwa kitu kilichopimwa kabla ya sindano anaweza kutetewa, anayeondolewa kwa kilichotokea baada yake ni mzigo, na hesabu ya wote waliogawiwa ichapishwe daima, kando ya nyingine, kwa herufi za ukubwa uleule. Hesabu zote tatu za RV144 zilichapishwa, na ndiyo maana leo naweza kubishana juu yake nikiwa mezani kwangu.

Tarehe 19 Februari

Chanjo ya Uviko-19 ya Pfizer na BioNTech, matokeo ya Desemba 2020: kesi 8 kwa waliochanjwa, 162 kwa plasebo. Hii ni fupi. Moja toa 8 gawa kwa 162 ni asilimia 95. Ukiweka muda wa watu hatarini, miaka-mtu 2,214 na 2,222, jibu ni lilelile 95. Makarani watauliza kwa nini basi tuhangaike na asili. Jibu: bahati nasibu ilizifanya asili mbili zikawa karibu sawa, zikafutana. Zinafutana kwa sababu mtu alizitengeneza hivyo.

Tarehe 25 Februari

Ebola, Guinea, 2015. Hapa hawakugawa mtu mmoja mmoja, waligawa miduara. Akipatikana mgonjwa, timu inaandika waliomgusa na waliowagusa hao, huo ni mduara mmoja, kisha mduara mzima unapangiwa kwa bahati nasibu: chanjo leo, au chanjo baada ya siku 21. Miduara ya leo 51, ya kusubiri 47. Kuanzia siku ya kumi baada ya kupangiwa, hakuna kesi hata moja kwa waliochanjwa mara moja. Upande wa kusubiri kesi 16.

Njia yangu ya logi ilikufa papo hapo, maana kiasi ni sifuri. Nikaenda kutazama upya asili. Kesi 16 si mambo 16 yanayojitegemea: ndugu walioguswa na mgonjwa mmoja huugua pamoja. Zile kesi zilitoka kwenye miduara 7. Cha kuhesabu ni mduara.

Basi swali likawa la kete: miduara 7 yenye ugonjwa, kama chanjo haifanyi kitu, kuna uwezekano gani yote saba iangukie kwenye ile 47 ya kusubiri kati ya 98? Ni 47 kwa 98, mara 46 kwa 97, mara 45 kwa 96, hivyo hivyo mpaka sehemu ya saba, 41 kwa 92. Nilizidisha kwa kikokotoo cha simu nikiwa nasubiri chai ichemke. Jibu: 0.0045. Nikafungua ripoti iliyochapishwa. P ni 0.0045.

Nilisimama. Kwa sehemu saba za hesabu ya shule ya msingi, nimeifikia namba iliyosaidia kuifikisha chanjo ile Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, miaka michache baadaye, ambako walioandikwa kwenye miduara walijieleza kwa Kiswahili. Na asili ya hesabu nzima ilikuwa orodha ya majina, iliyoandikwa na mtu aliyesimama mlangoni pa nyumba yenye msiba akiuliza kwa upole nani alimwosha marehemu.

Tarehe 4 Machi

Kipindi cha kwanza na makarani, saa tatu hadi saa sita. Polio iliwashika kuliko zote. Walibishana juu ya wale wasiochomwa kitu mpaka chakula cha mchana kikapoa. Ukurasa wa binomia hasi haukueleweka, nitauandika upya kwa kuanza na mfano wa nyumba mbili, ya bondeni na ya mlimani. Iliyobaki ni R21, chanjo nyingine ya malaria, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tarehe 2 Oktoba 2023, ambayo Bagamoyo na Kilifi walikuwemo tena. Huko ufanisi ulitolewa kando kwa sehemu za malaria ya msimu na za malaria ya mwaka mzima, kwa hiyo asili ina jambo lingine la kusema.

Mchana tulirudi kwenye kazi yetu ya kila siku. Binti wa dirishani alikuwa anapitia fomu za jana, akasimama kwenye moja. Ujio wa kliniki: 04:00. Hakubadilisha kitu. Alichukua simu, akampigia nesi aliyekuwa zamu.

"Shikamoo dada. Fomu ya jana, huyu mtoto wa saa kumi. Saa kumi ipi?"

Akasikiliza, akaandika 16:00, na kwenye kisanduku cha sababu akajaza: saa ya Kiswahili, jioni, imethibitishwa na nesi kwa simu.